Tuandikiane Kabla Hatujapaua

Nawaandikia ndugu zangu wa Igwachanya, Ilembula, Halali, Mdandu na Saja, mkoani Njombe.

Mahindi yakishaingia ghalani na alizeti ikishauzwa, fedha kidogo tuliyoipata inaelekea kwenye nyumba. Tanuri za matofali zinawashwa, malori ya mchanga yanapishana barabarani, simu za mafundi hazipumziki. Kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba zinapokaribia ndio msimu wetu wa kujenga, kuezua mabati yaliyooza, kupiga lipu na kuongeza chumba. Ndio msimu pia ambao majirani waliozikana na kuozana wanaanza kupita njia tofauti kwenda kanisani.

Ugomvi wenyewe tunaujua. Mwenye nyumba anasema fundi amechukua hela yote ya ufundi, amefika usawa wa lenta, kisha ametokomea Makambako na simu haipatikani. Fundi anasema aliambiwa asubiri viazi viuzwe, akasubiri miezi miwili akilala kwenye nyumba isiyo na mlango, saidia fundi wake wakimdai kila jioni, mpaka akaenda kutafuta riziki pengine. Kila mmoja ana mashahidi wake. Hakuna mwenye karatasi. Afisa mtendaji wa kijiji anawasikiliza asubuhi nzima, kisha anawaambia wakaelewane, kwa sababu hana kitu cha kushika mkononi.

Naandika kuomba jambo moja. Katika mkutano mkuu wa kijiji unaokuja, kila kijiji kipitishe azimio kwamba kazi ya nyumba haianzi kwetu mpaka mwenye nyumba na fundi wameandikiana, wameshuhudiwa, na wamekubaliana fedha italipwa kwa hatua ya kazi. Azimio hilo liambatane na daftari la mafundi wa kijiji na wakaguzi watatu wanaoaminiwa na pande zote mbili. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji bajeti ya serikali.

Nianze na mambo yanayotugombanisha, maana mengi hayana mwizi ndani yake. Chukueni nyufa. Ukuta umepigwa lipu, wiki ya tatu umechanika kama utando wa buibui. Mwenye nyumba anaapa kwamba fundi ameiba saruji. Fundi anaapa kwamba mwenye nyumba hakumwagilia maji. Yawezekana mmoja ni mkweli, yawezekana wote wawili. Zege la lenta na lipu vinahitaji kubaki na unyevu, zege walau siku 7, na kwenye baridi ya Juni na Julai saruji hukomaa polepole zaidi. Lakini siku ya mapatano nani aliuliza ni nani atakayemwagilia? Fundi alijua ni kazi ya mwenyeji, mwenyeji alijua imo ndani ya bei. Hivyo ndoo ya maji, kitu kisicho na gharama, inaharibu ukuta wa milioni kadhaa na undugu wa miaka. Mstari mmoja wa maandishi ungetosha.

Kisha kuna mbao. Sisi ni watu wa Njombe, tunaotoa mbao zinazopaua nyumba za nchi nzima, na bado tunagombania kenchi zetu wenyewe. Paina iliyokatwa ikiwa changa, ikapasuliwa leo na kugongelewa misumari kesho, itakauka ikiwa juu ya nyumba. Itajikunja, na paa litaonyesha mawimbi kabla ya masika ya pili. Mwenye nyumba anamlaumu fundi kwamba hajui kupaua. Fundi anajua kwamba alileta neno hilo mapema, akajibiwa kuwa mbao kavu ni ghali. Lilisemwa kwa mdomo, likapeperuka.

Bati nalo lina mtego wake, na watu wengi wanaujua wakiwa wamechelewa. Namba ya geji inavyopanda, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Mwenye nyumba asiyejua akisikia 32 anadhani ameongezewa. Akienda kununua fundi peke yake, mwenyeji akiwa shambani, hata fundi mwaminifu hana namna ya kujitetea upepo utakapokunja bati. Geji iandikwe kwenye makubaliano na risiti ya dukani ibaki kwa mwenye nyumba.

Lakini chimbuko la kesi nyingi ni kishika uchumba. Fundi anaomba nusu ya pesa ya ufundi kabla ya kuchimba msingi. Anayo sababu: hana mtaji, ana watu wa kulisha, na amewahi kudhulumiwa. Akiipokea, sehemu yake inakwenda kumalizia kazi ya mtu mwingine aliyemlipa mwezi uliopita. Kwa hiyo nyumba yako inajengwa kwa fedha ya jirani atakayefuata, na jirani huyo kwa fedha ya mwingine. Siku mnyororo ukikatika, mtu wa mwisho anaachiwa msingi. Wengi wa mafundi hawa si matapeli. Ni watu walionaswa katika namna ya kulipana ambayo sisi wateja tumeikubali.

Dawa yake inajulikana kwa kila aliyewahi kusimamia kazi. Malipo yafuate hatua: msingi ukikamilika, kuta zikifika lenta, paa likifungwa, lipu na sakafu zikiisha. Cha kuanzia kiwe kidogo, cha kulisha vibarua wiki ya kwanza. Na mwishoni ibaki sehemu, tuseme moja ya kumi ya pesa ya ufundi, mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite na paa lionekane halivuji. Sehemu hiyo asiishike mwenye nyumba, maana naye anaweza kuila na kutafuta visingizio. Ishikwe na shahidi waliyemteua wote wawili.

Nasisitiza hilo kwa sababu wito huu ungekuwa dhuluma kama ungeelekezwa kwa mafundi peke yao. Wapo wenye nyumba kati yetu, na tunawafahamu, ambao kazi ikiisha ndipo wanapoanza kutafuta kasoro ili wasilipe. Wapo wanaobadilisha ramani katikati, wanataka dirisha lihame na baraza iongezwe, na bei ibaki ileile. Wapo wanaokwenda kituo cha polisi na kumshitaki fundi kwa wizi ili atishike, amalize kazi bure. Mtu aliyechukua fedha kwa hila tangu mwanzo ametenda jinai na anastahili kushitakiwa. Lakini kuchelewesha kazi, au kutofautiana juu ya ubora wake, ni madai. Kumlaza mtu mahabusu kwa ajili hiyo ni aibu yetu sote.

Sheria haituzuii, inatungoja. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, na kifungu cha 73 kinampa fidia aliyeumizwa na mwenzake kuvunja mkataba. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili, na nyumba zetu nyingi zimo ndani ya kiwango hicho. Tunachokosa tukifika pale ni ushahidi. Hakimu hawezi kujua mliongea nini chini ya mti wa parachichi. Anaweza kusoma karatasi yenye sahihi nne. Anaweza pia kupokea ujumbe wa simu wa malipo, kwa kuwa tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kumbukumbu za aina hiyo zinakubalika mahakamani. Basi hata mnapolipana, tumeni kwa simu, na ujumbe msiufute. Kwa anayehitaji kusaidiwa kuandika au kudai, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia watu wasio na uwezo.

Tusidhani kuna ofisi kubwa mahali fulani itakayotufanyia haya. Bodi ya Usajili wa Makandarasi ipo kwa sheria ya 1997, na Baraza la Taifa la Ujenzi kwa sheria ya 1979. Kazi zao zinahusu zaidi makandarasi na miradi mikubwa. Fundi wetu alianza kwa kubeba ndoo za zege, akashika mwiko akiwa kijana, akafundishwa na mjomba wake. Jina lake haliko kwenye daftari lolote, labda la deni la dukani. Ndiyo maana daftari lazima liwe letu: jina lake, anapoishi, mdhamini wake, anachokijua, na nyumba alizozijenga ambazo mtu anaweza kwenda kuzitazama.

Na hapa ndipo nawaomba mtazame mlichokwisha kukifanya kwa mikono yenu. Mwishoni mwa 2021, kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, nchi hii ilijenga madarasa 15,000, na 12,000 kati ya hayo yalikuwa ya sekondari, shilingi milioni 20 kila moja. Yalijengwa na nani? Na mafundi hawa hawa wa vijijini, kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani umma kusimamia ujenzi wenyewe bila mkandarasi. Wananchi waliunda kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi. Fundi alisaini mkataba. Mifuko ya saruji ilihesabiwa ikishuka kwenye gari na ikitoka stoo. Mzee asiyejua kusoma alisimama akahesabu nondo, na mhandisi wa halmashauri akaja kukagua kabla hela haijatoka. Kasoro zilikuwepo, sitazificha, lakini mgogoro ulipotokea palikuwa na daftari la kufungua. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na mali ya darasa haikukosa daftari. Jioni ile ile mjumbe wa kamati alirudi nyumbani, akampa fundi wake mwenyewe laki sita mkononi, bila hata shahidi. Uangalifu tuliouonyesha kwa jengo la umma tunauacha getini kwetu, mahali ambapo jasho lote ni la familia moja.

Najua litakalojibiwa: sisi tunafahamiana, kuandikiana ni kutoaminiana. Mbona mahari tunayahesabu mbele ya washenga, yanaandikwa yaliyotolewa na yaliyobaki, na hakuna anayeona kwamba ukoo umetukanwa? Tunafanya vile kwa kuwa tunataka undugu udumu baada ya fedha kupita. Fundi ambaye hasomi vizuri asomewe kwa sauti mbele ya shahidi wake, aweke dole gumba. Na ukurasa mmoja unatosha: kazi gani, vifaa gani na nani ananunua, uwiano wa saruji na mchanga, nani anamwagilia, hatua za malipo, siku ya kuanza na kumaliza, nini kitatokea mmoja akikwama. Mabadiliko yoyote ya katikati yaandikwe nyuma ya karatasi ile ile na bei yake.

Ombi langu jingine ni kuhusu kina mama. Mara nyingi baba ndiye anayepatana, au kijana aliyeko Dar es Salaam anatuma fedha kwa binamu yake. Lakini anayeshinda pale nyumbani, anayewapikia mafundi uji, anayejua mifuko mingapi ilifunguliwa Jumanne, ni mama. Jina lake liwe kwenye karatasi na sauti yake isikilizwe kabla hatua haijalipwa. Kwa wajane hili ni zito zaidi, maana wao ndio wanaoambiwa kwamba hawajui ujenzi, na wao ndio wanaoachwa na kuta zisizo na paa.

Wakaguzi watatu nao tuwachague kwa macho wazi: fundi mzee anayeheshimiwa, mwenye nyumba aliyewahi kujenga, na mtu wa tatu watakayemkubali wote, mwanamke ikiwezekana. Kazi yao ni kuja hatua inapokamilika, kugonga ukuta, kupima timazi, kutazama kenchi, na kusema imefika au haijafika. Wasigeuzwe mahakama. Wakishindwa kusuluhisha, waandike walichokiona, na maandishi hayo yaende Baraza la Kata kwa usuluhishi au Mahakama ya Mwanzo kwa madai.

Mafundi wa vijiji vyetu, ninyi ndio mtakaonufaika wa kwanza, maana atakayeandikwa daftarini kwa kazi njema hatahangaika kutafuta mteja. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazini bila kukaa darasani, na wilayani mwetu tuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Ulembwe. Tukiwa na orodha yenye majina arobaini, tunaweza kwenda halmashauri ya wilaya kuomba wapimaji waje huku, badala ya kila fundi kujitafutia nauli.

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa walau kila miezi mitatu, na kila mtu mzima mkazi ana haki ya kusema. Tuanze na azimio. Likizoeleka, halmashauri ya kijiji inaweza kuliandaa liwe sheria ndogo na kulipeleka wilayani. Tukubaliane pia kwamba mhuri wa mtendaji kwenye makubaliano haya usiwe na ada ya kumfukuza maskini.

Mimi nitasimama kwenye mkutano wa kijiji changu kuitoa hoja hii. Nakuomba umwone mwenyekiti wa kitongoji chako wiki hii, umwambie aiingize kwenye ajenda, na uje na majirani wawili, mmoja fundi na mmoja mwenye nyumba. Njooni na karatasi zenu za zamani kama mnazo, hata zilizochanika, tuzitumie kutengeneza fomu moja ya kijiji kizima. Tukipitisha hoja hii kabla ya Agosti, wanaopaua mwaka huu wataiwahi.