Tunamlilia Mchekeshaji, Tunaifuta Kanda

Ipo desturi mbaya miongoni mwetu ya kumlilia mchekeshaji aliyekufa na kuitupa kazi yake iliyo hai. Alipofariki Mzee Kipara mwaka 2012, Mzee Small mwaka 2014, na King Majuto mwaka 2018, kila kinywa kilijaa sifa. Matanga yakaanuliwa, na sifa zikaanuliwa nayo.

Nilikulia Buguruni. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, nyumba yenye chombo hicho iligeuka baraza ya mtaa mzima, na asiyekuwa na jirani wa namna hiyo alitoa sarafu yake katika kibanda cha video. Humo nilisikia Kiswahili cha wazee, cha walevi, cha waganga na cha wakwe, ambacho darasani sikupata kukisikia. Nilipokuwa mwalimu nilikwenda kulitafuta igizo moja la siku zile mahali palipopaswa kulitunza. Nikaambiwa kwamba kipindi kingine kilirekodiwa juu yake, kwa kuwa kanda tupu zilikuwa ghali. Nakala nililiipata kwa fundi redio wa Buguruni, imeota ukungu.

Wako wanazuoni wasemao kuwa mapenzi haya ni maradhi ya watu wazima wanaotamani utoto wao. Ati sauti ilikwaruza, picha ilitetemeka, na dhihaka nyingine ziliwaonea wanawake. Nayakubali yote matatu. Lakini hati za tenzi alizokusanya J. W. T. Allen, zilizomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hazikuhifadhiwa kwa uzuri wa karatasi, wala kwa kuwa kila ubeti ni wa haki. Pasipo hati hapana utenzi wa kusifiwa wala wa kulaumiwa.

Tena mchekeshaji wa namna ile aghalabu hakukariri mazungumzo yaliyoandikwa. Alipewa kisa, akakijaza maneno papo hapo mbele ya kamera. Basi kanda ndiyo maandishi yake, na aifutaye amechoma hati ya pekee.

Twakumbuka kuwa Rashidi Kawawa alicheza katika filamu ya Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Waliocheza ubavuni pake nani awataja? Hawakupata uwaziri, wakakosa na kumbukumbu.

Idara za Kiswahili zina wanafunzi wengi wanaotafuta mada za tasnifu. Watumwe Kariakoo na Buguruni, madukani na uvunguni mwa vitanda, wakusanye kanda zilizosalia. Wazinakili kwa idhini ya wenye haki, wayaandike maneno yake, na warithi wa waigizaji wapewe chao. Lifanywe mwaka huu, maana ukungu haungoji kikao cha idara.