Mizani ya Wimbo

Mwimbaji mkubwa wa dunia atoapo albamu mpya siku hizi, haiachi itembee yenyewe kutoka mkono hadi mkono kama zilivyotembea santuri za zamani. Huifuata kwa miguu yake. Shakira, mwimbaji wa Kolombia aliyezaliwa Barranquilla mwaka 1977, alitoa albamu yake Las Mujeres Ya No Lloran mwezi Machi 2024, na mwezi Februari 2025 akaanzia Rio de Janeiro msafara wa kuitangaza, akienda kutoka uwanja wa mpira hata uwanja wa mpira. Diamond Platnumz naye, mwaka 2018, aliizindua A Boy from Tandale jijini Nairobi, wala si Tandale. Ndivyo biashara ya nyimbo inavyokwenda: wimbo hutungwa mahali pamoja, huzinduliwa pengine, na kuuzwa kila mahali.

Bariadi imo katika hicho kiitwacho kila mahali. Mji huu, ambao ulifanywa makao makuu ya Mkoa wa Simiyu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2012, hupata habari za misafara hiyo siku ile ile kwa njia ya simu, na vijana wa Maswa, Itilima, Meatu na Busega huzijua nyimbo mpya za Miami na Lagos kabla ya pamba ya msimu haijapimwa. Juu ya jambo hili wamezuka wasemaji wa namna mbili, na kila mmoja hujiona amemaliza maneno. Yafaa kuwajibu wote wawili, kwa kuwa wote wawili wamelikosa jambo lenyewe.

Msemaji wa kwanza ni yule anayelia kwamba nyimbo za kigeni zimeiua ngoma ya Msukuma. Kwake yeye, msafara wa kutangaza nyimbo mpya ni uzushi wa Wazungu na Wamarekani, na dawa yake ni kufunga mlango. Huyu hajui historia ya nyumba anayotaka kuifunga. Salum Abdallah wa Morogoro alizisikiliza santuri za Kyuba, akaliita kundi lake Cuban Marimba, na hadi alipofariki mwaka 1965 alikuwa ameacha nyimbo za Kiswahili ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu awezaye kuziita za kigeni. Aliazima mdundo, akalipa kwa lugha yake. Kuazima si kosa katika sanaa. Kosa ni kuazima bila kurudisha, au kuazimwa bila kuulizwa.

Tena huyo mlizi amesahau kwamba Usukuma ulikuwa na misafara yake mwenyewe kabla Barranquilla haijasikika hapa. Vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, ambavyo masimulizi huvinasibisha na Ngika na Gumha, vimeshindana kwa vizazi. Mavuno yakiisha na mikono ikipumzika, manju hutoka na kundi lake kwenda kucheza kwa watu wengine, akiwa na nyimbo mpya alizozitunga kwa ajili ya msimu ule. Mwenye nyimbo za mwaka jana hana la kusema uwanjani. Je, huo si msafara wa kutangaza kazi mpya? Na namna ya kuamua mshindi ilikuwa kali kuliko hesabu yoyote ya tiketi: makundi mawili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji huhama kwa miguu yao kumwendea yule anayewavuta. Aliyebaki na uwanja mtupu hana wa kumlalamikia. Watu wa namna hiyo, waliozoea kuhukumu wimbo mbele ya uso wa mtungaji wake, hawakuwa na haja ya kulindwa na nyimbo za mtu yeyote.

Msemaji wa pili husimama upande wa pili. Yeye husema kwamba sanaa ni biashara, kwamba soko ndilo litakaloamua, na kwamba manju akitaka kusikika dunia nzima na ajitahidi kama wenzake walivyojitahidi. Maneno haya yana sura ya uungwana, na kwa hiyo ni hatari kuliko kilio cha yule wa kwanza. Maana yanachukulia kwamba wote wanaoingia sokoni wanapimiwa kwa mizani moja. Watu wa Simiyu hasa ndio wasiopaswa kudanganywa na neno hilo, kwa kuwa wao na jirani zao waliwahi kulipatia jibu, tena si kwa wimbo bali kwa pamba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa waliona kwamba uzito waliokuja nao kutoka nyumbani haukuwa uzito walioandikiwa na mnunuzi. Hawakusema kwamba pamba ni zao la kigeni na kwamba wang'oe miche. Wala hawakusema kwamba soko litajirekebisha lenyewe. Waliweka wapimaji wao wenyewe, wakasimama karibu na mizani, wakasoma. Kutoka hapo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya Paul Bomani. Hiyo ndiyo njia ya tatu ambayo wasemaji wetu wawili hawaioni: kuingia sokoni, lakini na mizani mkononi.

Mizani ya wimbo ni nini? Ni mambo matatu tu: jina la mtungaji, tarehe ya utungo, na ushahidi wa sauti au maandishi. Mwenye hayo matatu aweza kusema, "Huu ni wangu," na akasikilizwa hata na kampuni kubwa. Asiye nayo, wimbo wake ni kama pamba iliyomwagwa njiani. Yeyote apitaye huokota.

Mfano wake uko wazi. Mwaka 2010, fainali za Kombe la Dunia zilipofanywa Afrika Kusini, Shakira pamoja na kundi la Freshlyground aliimba Waka Waka, nao ukazunguka dunia yote. Kiitikio chake hakikuzaliwa mwaka ule. Kundi la Golden Sounds la Kameruni, ambalo miongoni mwa watu wake walikuwamo askari wa kikosi cha kumlinda rais, lilikuwa limetoa wimbo wa Zangalewa mwaka 1986, nao waliujenga juu ya maneno ya nyimbo za askari zilizokuwa za kale zaidi. Wenyewe walidai haki yao, na madai yakaishia katika mapatano. Lakini yafaa kuuliza: waliwezaje kudai? Waliweza kwa sababu kulikuwa na santuri, kulikuwa na jina juu ya santuri, na kulikuwa na mwaka. Lau wangalikuwa wameuimba wimbo huo uwanjani tu, hata kama wangaliuimba kwa ustadi mara kumi zaidi, dunia ingalisema kwa upole kwamba ni wimbo wa jadi ya Kiafrika, na mazungumzo yangaliishia hapo.

Ukanda wa Ziwa nao unao mfano wake. Saida Karoli alitoka Kagera akaimba kwa Kihaya, na tangu mwaka 2001 Maria Salome ukasikika nchi nzima kwa watu wasiojua neno moja la Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipotoa Salome, kila mtu alijua wimbo huo umetoka kwa nani. Alijulikana kwa kuwa sauti yake ilikuwa imehifadhiwa na jina lake lilikuwa limeandikwa. Kihaya hakikumzuia, wala kuzaliwa mbali na Dar es Salaam hakukumzuia.

Sasa na ageuke msomaji amtazame manju wa Itilima au wa Meatu. Anatunga kila msimu. Anayo hadhira ambayo mwimbaji wa mjini angeitamani. Hujitaja jina ndani ya wimbo wake, kama wafanyavyo washairi wa pwani katika beti za mwisho, ili asiibiwe. Lakini aitwapo kutumbuiza katika sherehe ya serikali au katika maonyesho, kama yale ya Nane Nane ya kitaifa yaliyofanywa Nyakabindi karibu na Bariadi kuanzia mwaka 2018, mshereheshaji humtangaza namna gani? "Kikundi cha ngoma kutoka Simiyu." Katika maonyesho ya kilimo fahali mmoja hutajwa pamoja na mwenye kumfuga, mtungaji wa nyimbo hutajwa kwa mkoa wake. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu hutuzwa maji ya chupa na kurudishwa nyumbani katika gari lililomleta.

Jambo hili limepewa jina zuri, na jina hilo ndilo linaloficha dhuluma. Huitwa "sanaa za jadi". Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayo sehemu inayohusu kazi za namna hiyo, kazi zinazohesabiwa kuwa mali ya jamii kwa kuwa zimepokewa kizazi hata kizazi. Nia ya sheria ni njema, na zipo nyimbo nyingi ambazo kweli hazina mtungaji anayejulikana. Lakini wimbo uliotungwa msimu uliopita na mtu aliye hai, ambaye kijiji kizima kinamjua na ambaye amejitaja ndani yake, si jadi. Ni kazi ya mtunzi. Kuuita wa jadi kwa sababu tu umeimbwa kwa Kisukuma na kuchezwa na nyoka au jembe ni kumfanya mtunzi awe marehemu kabla ya kufa. Kasoro hapa imo zaidi katika mazoea ya wanaoitumia sheria kuliko katika sheria yenyewe, na mazoea hayo yalifundishwa na watu.

Walifundishwa na nani? Hapa lawama haina budi kuelekezwa vyuoni. Ni wasomi waliogawa nyumba ya fasihi vyumba viwili, kimoja cha fasihi andishi wanamokaa watu wenye majina, na kingine cha fasihi simulizi wanamokaa makabila. Mwanafunzi akiandika tasnifu juu ya Shaaban Robert, ataulizwa tarehe ya kila kitabu. Akiandika juu ya nyimbo za Wasukuma, ataruhusiwa kusema "Wasukuma huimba hivi", kana kwamba watu milioni kadhaa walikaa pamoja usiku mmoja wakatunga ubeti. Yule aliyefanya kazi kubwa ya kuzikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma pamoja na habari za watungaji wake ni Mmarekani, Frank Gunderson, ambaye kitabu chake chenye nyimbo zaidi ya 300 kilichapishwa mwaka 2010, tena kwa Kiingereza na huko Ulaya. Kazi yake yastahili shukrani. Lakini mwana wa Bariadi atakayetaka kuzisoma nyimbo za babu yake katika kitabu hicho atahitaji kwanza Kiingereza, kisha fedha, na fedha hizo si chache.

Watasema wengine kwamba manju huimba Kisukuma, na kwa hiyo hayumo katika fasihi ya Kiswahili. Hoja hii haina nguvu. Kiswahili kilikubali kutafsiriwa Shakespeare na Julius Nyerere bila kumwuliza mwenye tamthilia kama alijua lugha ya pwani. Chaweza basi kumkubali jirani wa mwendo wa siku moja kwa basi. Watasema wengine kwamba wimbo wa ngoma hubadilika kila uimbwapo, hata haijulikani upi ni wa nani. Hilo ni kweli kwa nyimbo kadha wa kadha, lakini ni kweli pia kwa Waka Waka, na ugumu wa hesabu haukuwazuia wenye Zangalewa kupata sehemu yao. Ugumu wa kupima si ruhusa ya kutupa mizani.

Linalotakiwa si jambo kubwa wala la gharama isiyowezekana. Kila kikundi kitangazwe kwa jina la manju wake. Kila afisa utamaduni wa wilaya awe na daftari na kinasa sauti, na kila msimu wa mashindano nyimbo mpya ziandikwe: nani katunga, lini, wapi. Nakala zipelekwe kwa Ofisi ya Hakimiliki na kwa vyuo, nazo zitafsiriwe kwa Kiswahili na wanafunzi wanaozijua lugha zote mbili, ambao leo hutumwa kurudia tena yaliyokwisha kusemwa mara mia juu ya vitabu vile vile. Na msafara wowote wa muziki unaoomba kibali cha uwanja Bariadi upewe kwa sharti moja: manju wa mahali hapo apande jukwaa lile lile, kwa mkataba na kwa malipo, jina lake likiwa katika tangazo lile lile.

Hapo nyimbo za Barranquilla na zije, na za Lagos, na za Tandale. Watu waliozoea kuhama kutoka kwa Wagika kwenda kwa Wagalu kwa kuvutwa na wimbo bora hawana la kuogopa, kwa kuwa kuhukumu wanajua. Wanachonyimwa hadi sasa ni uwanja wenye pande mbili. Upande mmoja una majina na mwingine una kabila tu. Babu zao walisimama karibu na mizani ya pamba hadi mnunuzi akasoma uzito wa kweli. Wajukuu waliopelekwa vyuo vikuu kwa fedha ya pamba ile ile wana deni la kusimama karibu na mizani ya wimbo.