ASILIMIA YA NINI?

Wako watu wanaoamini ya kwamba sheria ikishataja asilimia basi kazi imekwisha, na wako wengine wanaoamini ya kwamba sheria yoyote inayomwekea mfanyabiashara asilimia ni dhulma na upuuzi. Makundi haya mawili hushindana kila siku, walakini yote mawili humfaa mtu mmoja, naye ni mwenye kampuni. Leo twataka kuwaonesha wanachama jambo hili kwa habari ya visiwa vya Hawaii, jimbo la Marekani lililomo katikati ya bahari ya Pasifiki, kwani mtu wa kisiwani hujifunza mengi kwa mtu wa kisiwani mwenziwe.

Sheria tunayoizungumza ni hii. Dola humwambia muuza umeme: katika kila vipimo mia utakavyowauzia wateja wako, vipimo kadha wa kadha sharti viwe vimetokana na jua, au upepo, au maji, au mvuke wa ardhini, au kitu kingine kisichokwisha kwa kutumiwa, na ukipungukiwa utatozwa faini. Iowa ndiyo iliyotangulia kuweka sharti la namna hii, mwaka 1983. Texas, nchi ya mafuta hasa, ilifuata mwaka 1999, na aliyetia saini sheria ile ni Gavana George W. Bush, mtu ambaye hapana awezaye kumsingizia ujamaa. Mwaka 2005 Texas ikajiwekea lengo la megawati 10,000 ifikapo mwaka 2025, na lengo hilo likapitwa zaidi ya miaka 10 kabla ya wakati wake. Wale mabwana wanaotuambia ya kwamba amri ya dola haiwezi kuzungusha pangaboi la upepo na waende wakawaambie hayo watu wa Texas.

Sasa tuje Hawaii. Kila kisiwa kule kina mtandao wake peke yake. Hapana waya uliopita chini ya bahari kuviunganisha, wala hapana jirani wa kuazimwa umeme usiku wa dhiki. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wao ilitoka katika mafuta yaliyoletwa kwa meli, na bei ya mafuta ikipanda, karibu gharama yote iliteremshwa katika hati ya mteja, na kampuni isihisi kitu. Mtu asiyehisi moto hana haraka ya kuuzima. Ndiyo maana Baraza la Kutunga Sheria likaweka lengo mwaka 2001, likaona lengo tupu halimtishi mtu, likaligeuza kuwa sharti mwaka 2004, na tarehe 8 Juni 2015 Gavana David Ige akatia saini sheria mpya: asilimia 30 mwaka 2020, asilimia 40 mwaka 2030, asilimia 70 mwaka 2040, na asilimia 100 mwaka 2045. Hapana jimbo jingine la Marekani lililokuwa limethubutu kuandika mia kwa mia kabla yao. Makofi yakapigwa, na makofi yale yalistahiki.

Lakini asilimia 100 ya nini? Swali hili dogo ndilo lililofichwa na makofi.

Sheria ilisema: asilimia ya umeme unaouzwa. Haikusema asilimia ya umeme unaozalishwa. Tafauti yake wanachama wataiona kwa hesabu ya sokoni. Chukua kisiwa kinachotumia vipimo 100 vya umeme. Vipimo 40 vinatoka katika paneli za sola juu ya mapaa ya watu, na wenyewe wanavitumia majumbani mwao; hivyo havikuuzwa na mtu. Kampuni inauza vipimo 60 vilivyobaki, na katika hivyo 20 vya upepo na 40 vya mafuta mazito. Sasa sikiliza jinsi ilivyokuwa ikihesabiwa: vile 40 vya mapaani viliingizwa upande wa juu wa hesabu pamoja na vile 20 vya upepo, vikawa 60, lakini upande wa chini, yaani upande wa mauzo, havikuingizwa. Sitini kwa sitini. Mia kwa mia! Na huku vipimo 40 katika kila 100 vinafuka moshi, na meli ya mafuta imetia nanga bandarini kama desturi yake.

Hilo si kosa la karani. Mwananchi aliyenunua paneli kwa fedha zake aligeuzwa kuwa sifa ya kampuni, na kila paa lililoongezeka liliipunguzia kampuni wajibu wake mara mbili, mara ya kwanza kwa kukuza sehemu na mara ya pili kwa kupunguza jumla. Tena zamani yalikuwapo makubwa zaidi: hata mwisho wa mwaka 2014 sheria iliruhusu sehemu ya sharti itimizwe kwa umeme uliookolewa, yaani umeme ambao haukuzalishwa wala haukutumiwa na mtu. (Kuokoa umeme ni jambo jema, lakini pishi ya mchele usiopikwa haiwezi kuhesabiwa kuwa ni pishi ya wali.)

Watu wa Hawaii hawakulala. Mwaka 2022 Baraza lao liliibadili kanuni, hesabu ikawa kwa umeme wote unaozalishwa. Matokeo yake? Kampuni ya Hawaiian Electric, iliyokuwa imejitangazia kiasi cha asilimia 38 kwa mwaka 2021, ilitangaza kiasi cha asilimia 32 kwa mwaka 2022. Jua halikupungua nuru. Kilichobadilika zaidi ni kalamu. Tunawauliza wale wanaosema maneno ya sheria ni kazi ya mawakili tu: pointi sita zilizoyeyuka zilikuwa za nani?

Tusidhani pia ya kwamba kila kisichokwisha ni chema. Katika Kisiwa Kikubwa cha Hawaii ilijengwa mitambo ya kuchoma miti, na kwa kuwa mti huota tena, wenyewe wakadai wamo ndani ya sheria. Tume ya Huduma za Umma iliyapima gharama na moshi wake, ikayakataa mapatano yale mwaka 2022, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ya jimbo ikaunga mkono uamuzi huo. Tume yenye uti wa mgongo ni nusu ya sheria.

Na meno je? Faini iliyowekwa kule ni dola 20 kwa kila megawati-saa iliyopungua, yaani senti mbili kwa kila kipimo ambacho mteja hukilipia senti zaidi ya 30. Tena Tume yaweza kuisamehe, iwapo kampuni itaonesha ya kwamba sababu zilikuwa nje ya uwezo wake. Sisi hatusemi msamaha usiwepo. Mwaka 2018 volkano ya Kilauea ilizima mitambo ya mvuke wa ardhini ya Puna, na hapana mtu mwenye akili awezaye kuitoza kampuni faini kwa sababu ya volkano. Lakini faini iliyo nyepesi kuliko gharama ya kutii si faini, ni tikiti.

Wapinzani wa sheria hizi wanalo neno moja lenye uzito, nalo tulijibu kwa haki. Septemba 2022 mitambo ya makaa ya mawe ya Oahu, megawati 180, ilifungwa kwa amri ya sheria, na miradi iliyotarajiwa kushika pahala pake ilikuwa imechelewa. Betri kubwa ya Kapolei haikuanza kazi hata Disemba 2023. Katika muda ule mafuta ndiyo yaliyojaza pengo, na wananchi wakalipa. Ni kweli. Lakini kilichowaumiza ni nini? Kufunga kulikuwa na tarehe yenye nguvu ya sheria, kujenga kukaachiwa mikataba na visingizio. Dawa yake ni kuongeza sharti, si kulitupa.

Kwani twajua wanaotaka litupwe hutumia njia gani. Katika jimbo la Ohio, mwaka 2019, sharti hili lilipunguzwa kutoka asilimia 12.5 hadi 8.5, katika sheria ile ile iliyotoa fedha za wateja kuokoa mitambo ya nyuklia. Baadaye ikafichuka ya kwamba dola kiasi cha milioni 60 zilipita mkono kwa mkono ili sheria ile ipite. Kampuni ya FirstEnergy ilikiri mwaka 2021 na kukubali faini ya dola milioni 230. Spika wa Baraza, Larry Householder, alitiwa hatiani mwaka 2023 na kuhukumiwa miaka 20. Tazameni basi bei ya asilimia nne!

Tuwatazame pia watu wa Kauai, kisiwa kimoja katika vile vya Hawaii. Mwaka 2002 waliinunua kampuni yao ya umeme kwa dola milioni 215 na kuifanya chama cha ushirika, wateja wenyewe ndio wanachama, wao ndio wanaoipigia kura halmashauri yake. Mwaka 2017 wakafungua mitambo ya jua yenye megawati 13 pamoja na betri ya megawati-saa 52, ili jua la mchana liwashe taa za jioni. Na miaka iliyofuata zikafika saa za mchana ambapo kisiwa kizima huendeshwa bila ya tone la mafuta. Huku visiwa vya jirani, kampuni ya NextEra ya Florida ilikuja na dola bilioni 4.3 kutaka kuimeza Hawaiian Electric, na Julai 2016 Tume ikasema hapana.

Na sisi tuliolala gizani Unguja kiasi cha mwezi mzima mwaka 2008, kisha tena kutoka Disemba 2009 hata Machi 2010, kwa hitilafu ya waya mmoja wa baharini, hatuhitaji kuambiwa thamani ya umeme unaozaliwa pale pale ulipo. Siku itakapoletwa mbele ya wawakilishi wetu sheria ya namna hii, na italetwa, kwa mapambo mengi na tarehe ya mbali ambayo wengi wa waliotia saini watakuwa wameshastaafu, wanachama wasianze kwa kuuliza asilimia ngapi. Waulize ya mauzo au ya uzalishaji. Waulize paa la mwananchi limehesabiwa upande gani. Waulize faini ni kiasi gani, nani mwenye mamlaka ya kuisamehe, na msamaha huo utatangazwa wapi ili tuusome.