Bustani ya Umma Haina Mlango



Tuna dada zetu wa visiwani waliofuata waume zao wafanyabiashara hadi Tunduma, mkoani Songwe, na suala lao ni hili: halmashauri ikiruhusu spika kubwa na meza za bia katika bustani ya umma, sisi tuna la kusema, au kazi yetu ni kufunga madirisha na kubaki ndani? Tunalo la kusema, na bora lisemwe kabla kibali hakijatiwa saini.

Tunduma ni mji wa forodha. Ng'ambo ya pili ni Nakonde, Zambia, na malori ya Zambia na Kongo hupanga foleni hapo. Dereva anayesubiri karatasi zake atakula, atalala, atatafuta burudani, na mji wa mpakani hauchelewi kumfungulia baa. Adimu katika miji iliyokua mbio kando ya barabara kuu ni pahala pa mwanamke kukaa na wanawe jioni bila kudaiwa kununua kitu. Wanaume wana vijiwe, wana mpira, wana hizo baa zenyewe. Sisi tuna ua wa nyumba na hiyo bustani, basi.

Nasi Unguja tuna bustani iliyopata jina kwa forodha: Forodhani, Mji Mkongwe. Zama za Sultan Khalifa bin Harub ikiitwa Jubilee Gardens, na imo jukwaa la bendi hadi leo, kwa hiyo asije mtu akatwambia muziki umeingia juzi. Mwaka 2009 ilifunguliwa upya baada ya kukarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Jua likizama huja moshi wa mishkaki, urojo, juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi. Vijana wanajirusha baharini kwa vishindo. Bibi harusi anapita na hina yake mbichimbichi, mpiga picha anamwambia ainue kidogo mkono, na watoto wa watu wasiomjua wanamshangilia. Kinywaji cha pale ni miwa, na wauzaji hawajafilisika.

Sasa tazameni upande wa pili wa barabara. Ngome Kongwe ndiyo iliyokuwa nyumba ya tamasha la Sauti za Busara lilipoanza mwaka 2004, na wageni wa dunia nzima wamelijaza. Lakini Ngome ina kuta, ina mlango, na mlangoni pana tiketi. Anayetaka anaingia. Asiyetaka ananunua urojo wake, anakwenda zake. Unaweza kulipenda tamasha au kulichukia, ila hakuna aliyelazimishwa kuhudhuria.

Bustani haina mlango huo. Ukiweka baa ya wazi katikati yake, kila mama anayekatiza na kitoto mgongoni ameshahudhuria bila kuulizwa. Hakuna atakayeandika kibao cha kumkataza. Atatukanwa mara moja, atashikwa mkono na mlevi mara moja, na mumewe atamwambia usirudi tena. Halafu watu watasema mbona wanawake wa Kiislamu hawaonekani bustanini, kumbe wanapenda kujifungia.

Tujihadhari na jambo moja. Songwe si Unguja. Kule sisi ni wachache, jirani ni Mmoravian, Mlutheri au Mkatoliki, na Surat al-Maidah inatufunga sisi, haimfungi yeye. Tukienda ofisini na hoja ya haramu peke yake tutasikilizwa kwa adabu, tutapewa soda, na kibali kitatoka. Hoja yenye nguvu ni ya kila mama wa mji, awe anakwenda msikitini au kanisani. Na wapo walokole wengi wasiogusa pombe kabisa, msiwasahau kuwaita. Serikali yenyewe ilipopiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017 haikuhitaji kumsomea mtu aya. Ilitazama vijana.

Wala tusidanganye kuwa hakuna anayefaidika. Halmashauri inataka mapato yake ya ndani. Mama lishe anayeuza chipsi na mishkaki usiku wa muziki anarudi na ada ya shule ya mwanawe, naye ni mwanamke kama sisi. Ndiyo maana hatusemi muziki ufungwe. Taarabu imetulea, na bibi zetu waliisikiliza bila kumwomba mtu radhi. Tunachokataa ni kuunganisha vibali viwili vikawa kimoja, kama vile ngoma haiwezi kulia bila kreti za bia pembeni.

Navyo kwa kweli ni viwili. Masuala ya muziki yana Baraza la Sanaa la Taifa. Pombe ina Sheria ya Vileo, Sura ya 77, ya tangu 1968, yenye leseni za aina mbalimbali, ikiwamo ya muda kwa ajili ya shughuli maalumu. Kelele nazo zina kanuni zake za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Kwa hiyo ofisa anaweza kukubali wimbo na kukataa bia mkono huohuo, na hajavunja chochote.

Dada zetu wa Tunduma, msingoje spika zifungwe. Nendeni kwenye mkutano wa mtaa, tena nendeni wengi, na barua mkononi. Iandikeni kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa diwani wa viti maalumu, maana kiti kile kiliwekwa kwa ajili yetu. Ombeni mambo matatu tu: pombe iuzwe pahala penye uzio na mlango, muziki uwe na saa ya kuzimwa iliyoandikwa ndani ya kibali, na alasiri za Jumamosi na Jumapili, saa za picha za maharusi na watoto, bustani ibaki bila baa. Tieni saini na mama lishe naye atie, kwa sababu hayo matatu hayamnyimi mteja hata mmoja. Kisha mdai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, muiweke.