Tiba za Ajabu za Mitambo Zaingie Darasani

Hakuna mkazi wa pwani hii, kuanzia Takaungu hadi Ngomeni, asiyejua kwamba chumvi ya bahari haina urafiki na chuma. Bawaba za milango huliwa, mabati hugeuka rangi kabla ya miaka yake, na redio iliyonunuliwa juzi huanza kukwaruza kama iliyorithiwa. Chumvi hiyo ikishirikiana na unyevu wa masika, na joto la kaskazi, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na mjusi kafiri anayelifuata vuguvugu ndani ya mtambo mpaka akaleta shoti ya kumuua yeye na mtambo pia, basi si ajabu kwamba watu wa Malindi na Kilifi wamejitungia matibabu yao wenyewe. Simu iliyolowa hufukiwa ndani ya mchele. Tarakilishi isiyowaka husuguliwa kwa raba ya mwanafunzi. Televisheni hupigwa kofi la ubavu. Betri za tochi huanikwa juu ya bati kama ng'onda.

Sisi walimu tumezoea kuyapokea mambo haya kwa njia mbili. Ama tunayacheka, tukiyaita ya washamba, ama tunayafuata kimyakimya nyumbani bila ya kuuliza neno. Nionavyo mimi, mtu niliyeishika chaki kwa miaka mingi, njia zote mbili ni hasara moja. Tiba ya ajabu inayoponya ina sababu yake. Isiyoponya nayo ina sababu ya kuaminiwa. Kuzitafuta sababu hizo mbili ndiyo sayansi yenyewe, nayo imelala mlangoni petu bila ya gharama ya maabara.

Tuianze na raba. Ndani ya tarakilishi mna kibao cha kumbukumbu chenye safu ya meno ya rangi ya dhahabu, na meno hayo ndiyo njia ya umeme baina ya kibao na mtambo. Hewa yetu ya chumvi huacha utando mwembamba juu ya meno hayo, mwembamba hata jicho lisiuone, lakini umeme wenye nguvu ndogo huuona kuwa ni ukuta. Fundi huzima mtambo, akachomoa waya, akatoa kibao, akayasugua meno kwa raba taratibu mara mbili tatu, akapangusa vumbi la raba, akakirudisha. Mtambo ukawaka. Mtazamaji husema ni uganga, kumbe kilichofanyika ni kuondoa utando tu. Na ukijua hivyo utajua pia kwa nini haifai kusugua kila wiki: dhahabu yenyewe ni nyembamba, na raba haichagui baina ya uchafu na dhahabu.

Lakini katika tiba zote za mwambao huu, iliyonivutia zaidi ni ya wavuvi. Mwambie mtu wa mjini kwamba simu iliyotumbukia baharini inafaa itiwe majini mara ya pili, atakuona una wazimu. Mwambie mvuvi wa Mayungu au wa Ngomeni, hatashangaa, maana yeye akirudi pwani huipitishia injini ya mashua yake maji matamu kabla ya kuiacha ipumzike. Amejua zamani kwamba adui si maji. Maji hukauka yakaenda zake. Chumvi hubaki. Ikibaki juu ya shaba huuvuta unyevu wa hewani usiku na mchana, na umeme ukipita hapo shaba huliwa kwa kasi isiyo ya kawaida. Ndiyo maana simu hufufuka siku ya kwanza, mwenyewe akafurahi akawapigia jamaa zake, halafu ikafa siku ya nne.

Kwa hiyo fundi mwelewa huizima simu ya baharini upesi, akatoa betri ikiwa inatoka, akaifungua, akausuuza ubao wake kwa maji yasiyo na chumvi, kisha kwa spiriti safi inayokimbiza maji, akaianika kivulini penye upepo mpaka ikauke kabisa. Nimesema maji yasiyo na chumvi kwa makusudi. Visima vingi vya ufuoni kwetu vina maji ya magadi, na anayesuuza kwa maji hayo amebadilisha chumvi kwa chumvi. Mvuvi huyaonja kwanza. Hili la kuonja halimo katika kitabu chochote cha fundi nilichokisoma, ingawa ndilo linaloamua.

Linganisha na mchele. Hapana tiba iliyoenea duniani kuliko hii, na hapana inayostahili sifa kidogo kuliko hii. Mchele hunyonya unyevu kwa kiasi kidogo na kwa polepole, na mchele wa duka la Malindi umekwisha kushiba unyevu wa hewa ya Malindi kabla simu haijafika. Unga wake huingia katika matundu ya simu. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaambia wateja wake waziwazi wasiziweke simu zao ndani ya mchele, kwani chembe zake zaweza kuzidhuru. Mbona basi watu wanaapa kwamba umewaponyea? Kwa sababu mtu akiifukia simu kwenye mchele huizima na kuiacha siku mbili bila ya kuigusa, na huko kuizima na kuiacha ndiko kuliko na dawa. Mchele ulikuwapo tu, ukapewa shukrani za mwenzake.

Mwalimu akitaka, hilo ni somo la kipindi kimoja. Wanafunzi wachukue vitambaa viwili vya ukubwa mmoja, wavilowe, wavipime kwa mizani. Kimoja kifukiwe kwenye bakuli la mchele, cha pili kitundikwe dirishani unapopita upepo wa kusi. Baada ya saa tatu vipimwe tena. Matokeo nawaachia wao. Mtoto aliyeyapima mwenyewe hatahitaji kuambiwa na Apple wala na mimi.

Kofi la televisheni nalo lina nasaba ya heshima kuliko tudhanivyo. Mwaka 1980 kampuni hiyohiyo ya Apple ilitoa tarakilishi iliyoitwa Apple III, isiyokuwa na feni ya kuipoza. Joto liliviinua vipande vyake kidogokidogo kutoka katika vikalio vyao, mtambo ukaanza kupayuka, na ushauri uliotoka kwa mafundi wa kampuni ulikuwa kwamba mwenye mtambo auinue inchi chache juu ya meza, kisha auachie uanguke. Vipande vikarudi mahali pake. Kijana wa Watamu anayelipiga kofi redio la babake, ambalo waya wake mmoja umelegea, hana tofauti kubwa na wahandisi hao, ila wao walijua wanapigia nini. Akipiga bila ya kujua, leo atakaza waya na kesho atavunja mwingine.

Betri za juani ni kweli pia, kwa kiasi chake. Zile za tochi za siku zote hutoa umeme kwa mchanganyiko wa kemikali, na joto huuharakisha mchanganyiko huo, basi betri iliyochoka hupata uhai wa muda mfupi. Lakini betri ya simu ni ya jinsi nyingine. Ikichomwa na jua, au ikitobolewa, huweza kuvimba na kuwaka moto usiozimika kwa urahisi. Tiba ni moja, jua ni lile lile, na mgonjwa wa pili anaweza kuiteketeza nyumba. Asiyejua sababu hana njia ya kuutambua mpaka huo.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya maskini, na kwamba wenye vyombo vya kisasa hawayahitaji. Hao nawakumbusha kwamba pwani hii si ngeni kwa vyombo vya kisasa. Mbele ya Ngomeni, juu ya jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini na Waitaliano, ziliruka roketi kati ya mwaka 1967 na 1988. Setilaiti iliyorushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru, ndiyo ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Na wataalamu wa anga ndio hodari wa tiba za ajabu kuliko sote, maana mgonjwa wao hawawezi kumfikia kwa mkono.

Chombo cha Marekani kiitwacho InSight kilitua katika sayari ya Mirihi mwezi Novemba 2018. Kufikia 2021 vumbi lilikuwa limezifunika paneli zake za jua, umeme ukawa haba. Walijaribu kuzitikisa, vumbi halikutoka. Ndipo mwezi Mei mwaka huo wakaamuru mkono wa chombo uchote mchanga na kuumimina karibu na paneli. Naam, kumwagia mchanga kitu kilicholemewa na vumbi! Atakayelitafakari hilo akiwa ofisini atacheka. Aliyepata kutembea vilima vya mchanga vya Mambrui wakati wa kusi, akapigwa miguuni na chembe nzito zirukazo na upepo, ataelewa mara moja: chembe kubwa hudundadunda, na kila inapodunda huibandua ile ndogo iliyong'ang'ania. Umeme uliongezeka, si sana, ila wa kutosha kukifanya chombo kiendelee na kazi, nacho kikadumu hadi Desemba 2022.

Sasa nije katika jambo lililonifanya niishike kalamu. Tiba ijulikanayo zaidi ya mitambo yote ni ile ya kuzima na kuwasha. Sote tunaitumia na hatuiulizi. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Iraki lilipiga kambi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudia, likaua watu 28. Mtambo wa Patriot uliowekwa kuwalinda haukulirushia kitu. Tarakilishi yake ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi, ikiandikwa kwa tarakimu mbili za tarakilishi, haina mwisho, kama vile theluthi isivyo na mwisho katika desimali zetu. Ikakatwa. Kilichokatwa kilikuwa kidogo mno, lakini mtambo ulikuwa umewaka kwa takriban saa 100 mfululizo, na kosa likafika thuluthi moja ya sekunde. Kwa mwendo wa kombora lile, hiyo ni zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitazama mahali pasipo na kitu.

Tiba ilikuwapo. Kuuzima na kuuwasha kungeirudisha saa yake sawa, na ni kazi ya dakika moja au mbili. Waisraeli walikuwa wameligundua tatizo wakatoa taarifa, na siku chache kabla ya msiba makao makuu yalituma onyo kwamba kuuwasha mtambo kwa muda mrefu mno kuna madhara. Hawakusema muda mrefu mno ni saa ngapi, wala kwa nini. Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya mazishi kuanza kupangwa. Askari wale walikuwa na tiba isiyo na sababu, na tiba isiyo na sababu haina kipimo.

Nayaandika haya nikiukumbuka mtaala wetu wa umilisi, ambao miongoni mwa umilisi wake saba wa kimsingi umetaja fikra za kina na utatuzi wa matatizo, na umilisi wa kidijitali. Wakenya waliahidiwa mwaka 2013 vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Ahadi ikageuka kuwa vishikwambi, na kuanzia 2016 vikagawiwa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma kote nchini. Katika shule kadhaa nilizozitembelea kaunti hii, nimevikuta kabatini. Kabati lina kufuli, na mtoto akikaribia huambiwa, "Usiguse, utaharibu." Vimeharibika bila ya kuguswa. Chumvi haiombi ruhusa ya mwalimu mkuu.

Ninachokipendekeza hakihitaji fedha ya serikali. Kila shule iwe na daftari moja lenye safu tatu: ugonjwa, tiba, sababu. Wanafunzi wawaulize wazazi, wavuvi, na mafundi wa vibandani, waandike kila tiba wanayoisikia, iwe ya kweli au ya uongo. Safu ya tatu isijazwe mpaka darasa lijadili na, inapowezekana, lijaribu. Yapo yasiyojaribiwa na watoto, na mwalimu ayataje mapema: betri za simu hazichomwi wala hazitobolewi, na televisheni za kioo kinene pamoja na visanduku vya umeme vya tarakilishi hazifunguliwi hata zikiwa zimechomolewa, kwani huhifadhi umeme wa kudhuru.

Mwalimu atakayesema hana pa kuanzia aanze na kabati lake. Avitoe vile vishikwambi vilivyotangazwa kuwa vimekufa, apanguse kwa kitambaa kikavu matundu ya kuchajia, avichomeke katika umeme, kisha asivihukumu kwa saa kadhaa hata kama vioo vyake viko giza totoro. Betri iliyolala muhula mzima ikaisha kabisa hupokea umeme kidogokidogo kwanza, bila ya kuonyesha dalili yoyote, na wengi huichomoa baada ya dakika kumi wakaitupa ingali hai.