Istilahi Haianzi Kamusini

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa, sisi wakereketwa tulishangilia. Aghalabu tunadai kwamba Kiswahili kinaweza kueleza sayansi yoyote ile. Dai hilo ni la kweli, ila bado hatujalitolea jasho.

Tuchukue mfano wa kitambuzi cha mwanga ambacho wanasayansi wanakiunda siku hizi. Ni chembamba, hukunjika bila kuvunjika, na huitikia ukanda mwembamba tu wa infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, unaoanzia pale wekundu unapoishia. Kwa kuwa hutengenezwa kwa kampaundi za kaboni badala ya silikoni, huitwa cha "oganiki". Hapa Njoro, oganiki ni sukumawiki iliyokuzwa kwa samadi. Mkulima akisikia "kitambuzi cha oganiki" atadhani ni chombo cha kupimia mboga zisizo na dawa, na kosa halitakuwa lake. Napendekeza "kitambuzi nyumbufu cha kikaboni".

Infraredi nayo ina utata wake. Mwaka 2019, shirika la WWF na kampuni ya FLIR walitangaza mradi wa kamera za joto za kuwalinda vifaru, Mbuga ya Ziwa Nakuru ikiwemo. Kamera za aina hiyo hunasa mionzi inayotoka mwilini mwa mnyama, yenye mawimbi ya urefu wa takriban maikromita 8 hadi 14. Kitambuzi cha kikaboni, kwa kawaida, hushughulikia "infraredi ya karibu", inayoanzia takriban nanomita 700, ambayo jani lenye afya huiakisi kwa wingi. Karibu na nini? Karibu na wekundu. Mfasiri asiyejua hilo atadhani ni umbali baina ya kamera na kifaru.

Wapo watakaotuelekeza kwenye Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990). Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini vifaa hivi vimestawi baada yake, na kamusi haiwezi kutufahamishia tusichojishughulisha kukielewa.

Rai yangu ni kwamba kila muhula chama chetu kiketi na wanafunzi wa fizikia na kemia, watueleze kifaa kabla hatujakipa jina. Kisha jina hilo tulipime kwa mkulima na kwa askari wa wanyamapori. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.