Bima ya Gari na Maji ya Mafuriko

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu huwaachia akina baba: bima ya gari. Gari la nyumbani si la baba peke yake. Ndilo lipelekalo watoto shule, ndilo libebalo mizigo yetu ya sokoni, na katika nyumba nyingi hakuna mali nyingine ya thamani kama hiyo ila nyumba yenyewe. Likiharibika, pengo lake huonekana kwanza jikoni.

Tukumbuke Desemba 2011, Dar es Salaam ilipopata mvua ambazo wataalamu wa hali ya hewa walisema hazikuwa zimeonekana kwa zaidi ya miaka 50. Bonde la Msimbazi lilijaa, watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na mali nyingi zikaenda na maji. Tangu hapo Jangwani imefurika tena na tena; hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa hapo imeingiliwa na maji zaidi ya mara moja. Hata hivyo, jua likishawaka majuma mawili sisi husahau, na pesa ya bima huonekana ni ya kutupa.

Kwanza tufahamu tunacholipia. Bima ndogo, yaani ile ya mtu wa tatu ambayo sheria humtaka kila mwenye gari awe nayo, humlipa yule tuliyemgonga. Gari letu likizama, haitupi hata senti moja. Bima kubwa hulinda gari lenyewe, lakini si kila hati hukubali mafuriko. Nyingine huyaacha nje, au huyaingiza kwa malipo ya ziada. Basi tumwulize wakala kwa maneno wazi: maji yakilikuta gari hili limeegeshwa nyumbani, mtalipa? Atuonyeshe mahali palipoandikwa. Tuulize pia ni sehemu gani ya hasara tutakayobeba wenyewe.

Je, yafaa kulipa? Tufanye hesabu. Tuseme gari lina thamani ya shilingi 12,000,000 na kampuni inatoza asilimia 3.5. Hizo ni shilingi 420,000 kwa mwaka kabla ya kodi, sawa na 35,000 kwa mwezi. Kama mvua itazidi mwaka huu, hatujui. Tujiulize hivi: gari likipotea leo, twaweza kununua jingine bila kugusa karo za watoto? Ikiwa hatuwezi, na tunakaa au kupita bondeni, ada hiyo ina kazi yake. Ikiwa gari ni kuukuu na thamani yake ni ndogo, huenda ni busara zaidi kubaki na bima ndogo, na ile tofauti kuiweka benki kila mwezi bila kuigusa.

Wapo wasemao mafuriko ni kazi ya Mungu, hivyo kukata bima ni kukosa imani. Lakini Yusufu alijaza ghala za Misri katika miaka ya neema, na hakuna aliyemwita mtu asiye na imani.

Tena, bima haiondoi uangalifu. Maji yaendayo kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 30 tu, yaweza kulisukuma gari dogo. Ukiyakuta barabarani, geuza. Gari hulipwa, mtoto halipwi. Na gari likishazama, usiliwashe. Maji yaliyoingia ndani ya injini hupinda vyuma vyake, na kampuni yaweza kukataa kulipa kwa sababu uliwasha. Piga picha, toa taarifa upesi, kisha livutwe mpaka kwa fundi.

Tusingoje mawingu. Jioni moja watoto wakishalala, mwombe baba watoto aitoe ile hati ya bima, muisome pamoja mstari kwa mstari, na muamue mkiwa na nafasi ya kufikiri.